Mtumbwi wa Msufi wa Mauwa binti Marijani

Watu wa Mbagala waliokuwepo mwaka wa sabini na tano watakwambia Mauwa binti Marijani alitoka kwa mumewe na mtumbwi kichwani. Watakwambia na kucheka. Kwa nini alitoka, hapo wanakohoa na kubadili maneno.

Alikaa na mumewe Kondo miaka kumi. Alimfulia, alimlimia majaruba ya bondeni, alimuuguza kifua. Kisha Kondo akaleta msichana, na wiki haikuisha akaleta na talaka. Mauwa hakujua kusoma, ikabidi Kondo mwenyewe amsomee. Alisoma polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.

Kesi ikaenda kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Fransis. Kondo alikuwa amekwisha kuuahidi mtumbwi kwa shemeji yake mpya.

"Mtumbwi ni wa marehemu baba yangu," Mauwa alisema. "Nipeni huo tu."

Balozi alijikuna kidevu. "Nyumba ya mume, na vyombo vya mume. Lakini tusimtoe mikono mitupu. Achukue kile atakachotoka nacho uani kichwani mwake, peke yake, safari moja. Ijumaa asubuhi."

Kondo akacheka mpaka akakohoa. "Abebe na mtumbwi basi, kama shingo anayo!"

"Umesema mbele ya balozi," Mauwa alisema.

"Nimesema!"

Alicheka kwa sababu alijua uzito wa mtumbwi. Marijani aliuchonga kule Rufiji mwaka uliofuata Uhuru, kwa mti wa msufi, na msufi ni mwepesi. Lakini aliuacha mnene kwa ajili ya visiki vya mtoni. Kuubeba kulitaka watu wawili. Maji ya mafuriko yalipopungua na kuacha madimbwi yametengana, baba alitangulia chini ya omo, ncha ya mbele, binti nyuma, wakauvusha nchi kavu kutoka dimbwi hili hadi lile. Ndani ya mtumbwi uliofunikwa kichwani sauti ya baba ilikuwa kubwa kama ya mtu aliye kisimani. "Mauwa, unaona nini?" "Naona visigino vyako, baba." Alimuuliza hivyo kila mara, na kila mara wakacheka.

Watu wa bondeni Rufiji walipohamishiwa kijiji cha ujamaa kule juu, Marijani alimpelekea binti yake mtumbwi kwa lori. Yeye akabaki mlimani, akafa mbali na maji.

Sasa Mauwa akaazima tezo ya kuchongea, akaanza kuupunguza kwa ndani. Siku sita. Baba alimfundisha kugonga kwa konzi na kusikiliza: panapoitika kama ngoma, acha, panaponyamaza, bado pana nyama. Aligonga, akachonga, akagonga tena. Karibu na tezi, ncha ya nyuma, paliendelea kunyamaza, naye akaendelea kuchonga.

"Unachonga jeneza?" Kondo alimuuliza akipita.

"Mwiko. Wa kukorogea uongo wako."

Ijumaa ua ulijaa watu. Mauwa alikuwa amepasua mto wake wa kulalia, sufi yote akaikunja ndani ya kipande cha khanga, akapata kata nene ya kichwani. Akaegemeza omo kwenye panda ya mpera, akaingia chini, akainuka. Aliyumba hatua moja. Halafu akasimama sawa, akatembea.

"Hii si haki!" Kondo alipiga kelele. "Ameuharibu, ameupunguza!"

"Ulisema mbele yangu," balozi alijibu, naye hakufurahi.

Mauwa aliushusha kwenye Mto Mzinga, akakata mti wa upondo wa kusukumia, akaingia. Alikwenda kwa shangazi yake Hamisa, Vijibweni, ng'ambo ya mikoko. Mto ulikuwa mwembamba, mkimya, matete pande zote, ndege wakiruka mbele yake tu. Mtumbwi ulipita juu ya maji kama jani. Mkuyu ulioanguka ulipoziba njia aliubeba mtumbwi kichwani, akazunguka kwa miguu. Chini ya kile kivuli alijikuta akiuliza kwa sauti, "Unaona nini?" Hakuona visigino vya mtu. Akalia kidogo, akaendelea kutembea.

Saa sita mchana, mikoko ilipoanza, maji ndani ya mtumbwi yakamfikia vifundoni. Yaliingia karibu na tezi, pale pale palipokuwa pananyamaza. Aliuvuta matopeni, akapapasa kwa nje, ndipo akaelewa. Palikuwa na kalafati ya zamani: sufi na lami. Baba aliziba ufa pale kabla hajampa, wala hakusema. Sufi ndiyo iliyokula sauti, si unene wa mti. Na yeye kwa tezo yake alikuwa amechonga hadi kuifikia, ikalegea.

"Baba, si ungeniambia," alisema.

Mtumbwi ukizama, Kondo atasikia, na atacheka tena. Na huko anakokwenda angefika kama mzigo, mwanamke wa kulishwa. Akakaa chini akaipasua kata yake. Alibandua lami ya baba kipande kwa kipande, akaianika juani kwenye ubavu wa mtumbwi hadi ikalainika, akaikanda na sufi ya mto wake, akasindilia ufa kwa kucha. Yalipenya matone tu. Akaenda hivyo, mkono mmoja upondo, mkono mmoja kifuu alichookota cha kuchotea maji.

Alipofika upande wa Vijibweni maji yalikuwa yamekupwa. Mbele kulikuwa na tope na mchanga mtupu, mrefu. Kata hakuwa nayo tena, imekwisha ufani. Aliubeba kichwa kitupu, mti ukimla utosi, akisimama, akihesabu hatua, mpaka akafika uani kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ya Rabi! Ndiyo nini hiyo? Kakupa talaka, na wewe ukamchukulia nini? Sufuria hata moja?"

"Nimechukua cha baba."

Hamisa alimtazama utosini, palipochubuka, akaingia ndani kuleta maji ya uvuguvugu.

Kwa mtumbwi ule Mauwa alivusha akina mama na mihogo yao miaka tisa, akala jasho lake. Siku ile ya kwanza, akisubiri maji yajae, aliugonga kwa konzi kutoka omo hadi tezi. Uliitika wote. Pale tu kwenye kiraka ulinyamaza, naye akapaacha vivyo hivyo.