Blanketi Lililorudi na Fundo Lake

Wanawake wanaouza samaki wakavu wa Pweto hupita hapa mtaani kwetu Makomeno asubuhi, na harufu hutangulia kabla ya sauti zao. Ni harufu ya moshi na chumvi, na chini yake harufu ya ziwa lenyewe, nayo huingia ndani hata madirisha yakiwa yamefungwa. Mke wangu hununua samaki hao kwa furaha. Mimi hula, kwa kuwa si tabia yangu kukataa chakula nilichopikiwa. Pacha wangu Kabange hawagusi kabisa. Akija kututembelea hupikiwa kuku, na hakuna anayemuuliza sababu.

Samaki hao hunirudisha Élisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa nilipokuwa mtoto, na kwenye jambo ambalo nimelisikia likisimuliwa vibaya mara nyingi mno. Wako ndugu wanaosema kwamba mama yetu aliwapenda wanawe wa kiume kuliko binti yake. Wako wasomi waliosema kwamba alikuwa mateka wa mila. Nilitumikia ofisi za serikali hadi kustaafu, na kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichotokea. Naomba basi, msomaji, unikubalie niliweke sawa hili pia, maana wenyewe waliohusika hawapo tena kujitetea.

Tulikaa katika kambi ya wafanyakazi, mahali ambapo moshi wa kiwanda cha shaba ulishuka juu ya nguo zilizoanikwa na kuwaacha akina mama wakinung'unika. Baba alifanya kazi kwenye tanuru. Yeye na mama walikuwa Waluba, waliotoka kaskazini kabla hatujazaliwa, na walikuja na desturi zao zote, ikiwemo ile ya kuwalea mapasa, kama tunavyowaita mapacha. Mimi nilikuwa Kyungu, wa kwanza. Mwenzangu alikuwa Kabange. Kwa watu wetu, anachopewa mmoja lazima apewe na mwingine, siku ileile na kwa kipimo kilekile. Ukimnyima mmoja, umemwita ugonjwa. Jirani mwenye kipande kimoja cha muwa alikivunja katikati, nasi tulivipimanisha vipande mbele yake bila haya. Hata adhabu iligawanywa. Nikichapwa mimi, Kabange alitazama chini akingoja zamu yake, na kwa kawaida aliipata.

Nyumba yetu ilikuwa na mablanketi mawili, ya kijivu, yenye mstari mwekundu pembeni. Yalikwaruza shingo, nayo yalinukia sabuni na makaa ya mbabula, lile jiko la bati tulilolizunguka jioni. Moja lilitufunika mimi na Kabange. Jingine liliwafunika baba, mama na mdogo wetu Mwadi, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Kila asubuhi Mwadi alikuja kwenye mkeka wetu akiyumbayumba, akashika ncha ya blanketi letu kwa mikono miwili na kulivuta hadi baridi ituguse miguuni. Kisha alicheka kana kwamba jambo hilo halijawahi kutokea duniani. Nasi tulijifanya tumekasirika, kwa sababu ndilo alilotaka.

Asiyeijua Katanga hufikiri kwamba Afrika yote ni joto. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya kwetu huuma mifupa. Asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa umande ulioganda, na mtu akisema, pumzi yake huonekana.

Ilikuwa katika msimu huo ambapo shule yetu, ambayo sitaitaja kwa kuwa walioiongoza wamekwisha kufa, ilitangaza safari. Wanafunzi wa darasa letu wangekwenda kukaa Pweto, kando ya Ziwa Mweru, kwenye nyumba ya mapadri. Tungejifunza habari za samaki na ndege, tungeimba misa, tungeishi pamoja kama wavulana wenye adabu. Hakuna aliyelazimishwa, walisema. Lakini walisema pia kwamba watakaokwenda ndio watakaofikiriwa kwa shule ya juu, na kila mzazi alijua kusikia maneno hayo mawili kwa pamoja. Kila mwanafunzi alitakiwa awe na viatu vya turubai, shati jeupe, sahani na kikombe cha bati, mchango wa lori, na blanketi lake mwenyewe.

Kwetu kila kitu kilikuwa mara mbili. Viatu na mashati vilimlia baba mshahara wake, na mchango wa lori ukaondoka na baiskeli yake, akawa anakwenda kiwandani kwa miguu gizani. Sahani na vikombe mama aliviazima kwa Mama Kalenga, jirani yetu, mwanamke mwenye mkono mwepesi wa kutoa na ulimi mwepesi zaidi.

"Sahani, kamata," alisema. "Kikombe, kamata. Lakini bulangeti, Mama Mapasa, usinilombe. Mwezi wa sita hata bwana yangu simupatie yangu."

Mama alicheka naye, akachukua sahani na vikombe. Alijua kwamba katika baridi ile hakuna mlango wa kubisha kwa ajili ya blanketi.

Mwalimu wetu, Mwalimu Placide, alikuja nyumbani siku moja alasiri kuona kama tuko tayari. Alikuwa kijana mpole, naye wa kutoka kaskazini kama sisi, mwenye suruali iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Mama alimpa kiti, akabaki amesimama na Mwadi mgongoni.

"Mwalimu," alisema, "aba batoto banalala pamoja tangu banazaliwa. Bulangeti moja inabatosha."

"Mama Mapasa, règlement inasema kila mwanafunzi na yake. Mon Père atapita, atahesabu." Mon Père alikuwa Padri Mkuu wa shule, na règlement ni kanuni zake.

"Basi ahesabu miguu. Atakuta miguu ine ndani ya bulangeti moja."

Mwalimu na mama walicheka, hata baba aliyekuwa mlangoni akatabasamu. Kisha Mwalimu akajifuta uso. "Mama, nitafanya namna gani mie? Pengine aende mumoja tu. Kyungu iko na points mingi. Kabange ataenda mwaka ingine."

Mama aliacha kucheka. "Mwalimu, uko muntu ya kwetu. Unampa mumoja, mwenzake anabakia mikono mitupu? Ni wewe utakuja kumuuguza ule mwenye kubakia?"

"Najua, Mama. Niko najua yote." Mwalimu alitazama viatu vyake. "Lakini ile nitamwambia Mon Père na kinywa gani?"

Hapo ndipo ninapotaka rekodi iwe wazi. Mwalimu alijua. Angeweza kwenda kwa Padri Mkuu na kusema kwamba watoto wawili wamezoea blanketi moja, wala hilo halikuhitaji kueleza mila yoyote. Hakwenda, kwa sababu katika miaka ile mwalimu mweusi aliyehoji agizo dogo aliweza kurudishwa kijijini kesho yake. Simlaumu yeye. Nawalaumu wale waliojenga nyumba ambamo mtu mwema anaogopa kusema habari ya blanketi.

Baba ndiye aliyemaliza. "Beende bote," alisema.

"Na Mwadi?" mama aliuliza.

"Tutamulalisha katikati. Koti yangu ya kazi iko."

Mama aliyafua mablanketi yote mawili, akayaanika juani mbali na moshi, akayakunja na kuyazungusha hadi yakawa mizigo miwili iliyolingana kabisa. Alichana kitenge chake cha zamani cha buluu apate mishipi ya kufungia. Alikuwa na fundo lake, lenye masikio mawili yaliyopishana, alilolifunga kwenye kila kitu. Hata kambini watu waliweza kusema, hili ni fundo la Mama Mapasa. Mwadi aliona ni mchezo. Alikwenda kukaa juu ya mzigo wa Kabange, akaugonga kwa viganja, na lori lilipokaribia mama akamnyanyua polepole na kuuvuta mzigo chini yake.

Njia ilikuwa ndefu na yenye vumbi jekundu. Tulipoanza kuteremka kuelekea ziwani, tulivua masweta. Baadaye tulivua mashati. Pweto, msomaji, iko chini kuliko mji wetu, na hewa yake ni nyingine. Jioni ile ya kwanza tulijipanga mistari uani, kila mtu na mzigo wake miguuni, na Padri Mkuu akapita na fimbo yake nyembamba, akiugusa kila mzigo. Alifika kwetu, akaugusa wa kwangu, akaugusa wa Kabange, akasema, "Bien," kwamba ni vema. Jasho lilikuwa likimtiririka shingoni. Hakuna aliyetukagua tena hadi siku ya kurudi.

Watoto wa wavuvi walisimama nje ya ua wakituangalia. "Ee, bantu ya Éville," mmoja wao aliita, akifupisha jina la mji wetu, "munabeba bulangeti namna hii, muko munapita mwende ku Bulaya?" Wenzake walilala chini kwa kicheko. Tulicheka pia, kwani hata sisi tuliona jinsi tulivyokuwa.

Tulilala kama tulivyolala siku zote, mimi na Kabange, tumeegemeana. Tulilifungua blanketi langu kwa mazoea tu, na kabla ya alfajiri lilikuwa limekwisha kupigwa teke pembeni. La Kabange tulilifanya mto. Siwezi kusema kwamba hatukufurahi. Ziwa lilikuwa kubwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuona, na asubuhi lilinguruma taratibu kama mtu anayeota. Wavuvi walitupatia samaki wa kupeleka nyumbani, nasi tulichagua wawili waliolingana, kama ilivyotupasa. Kabange alimwokotea Mwadi ganda la konokono wa ziwani. Nami ikanibidi nitafute jingine la kufanana nalo.

Lori lilitushusha mbele ya kanisa. Baba alikuwa akingoja, amevaa koti lake la Jumapili, na siku hiyo haikuwa Jumapili. Hakutuuliza habari za ziwa. Alichukua mizigo yote miwili, mmoja kila mkono, akatangulia. Tulipokata kona ya mtaa wetu tuliona mikeka imetandikwa mbele ya nyumba na akina mama wameketi, Mama Kalenga akiwa miongoni mwao. Hapo baba alisimama, akatugeukia. "Mwadi ameenda," alisema. "Ni kifua. Tulimuzika." Walimzika amefungwa ndani ya kile kitenge cha buluu, kipande kilichobaki.

Mimi ni mtu wa kumbukumbu zilizothibitishwa, kwa hiyo siandiki kwamba kukosa blanketi ndiko kulikomuua dada yangu. Baridi ile ilichukua pia watoto waliolala wakiwa wamefunikwa vizuri, na hospitali ya kambi ilisema mapafu, basi. Ninachoandika ni hiki: kwamba mama yetu hakumpenda mmoja akamwacha mwingine; kwamba alileta mezani jawabu la akili, blanketi moja kwa watoto wawili, na jawabu hilo lilikataliwa; kwamba aliyelikataa hakuwa amejiuliza kama huko ziwani kuna baridi. Sote wawili tulichukuliwa shule ya juu. Kalamu niliyoishika maisha yangu yote ilianzia kwenye lori lile. Nilipopata cheo, na maombi ya safari za shule yakawa yanapita juu ya meza yangu, nilikuwa nikiuliza juu ya kila kitu walichotakiwa wazazi: kitatumika? Vijana wa ofisini walinicheka kwamba mzee anahangaikia sufuria na mashuka. Niliwaacha wacheke, na sikutia sahihi hadi nijibiwe.

Lakini siku ile nilikuwa mtoto, na kifo kilikuwa bado hakijaniingia kichwani. Mama alikuwa ameketi ndani, ameegemea ukuta. Baba aliweka mizigo mbele yake. Wangu ulikuwa umefungwa ovyo, kwa mkono wangu, na ulinuka samaki. Wa Kabange ulikuwa kama ulivyotoka. Mama aliunyanyua, akaulaza mapajani, na vidole vyake vikaenda moja kwa moja kwenye fundo. Vilipapasa sikio la kwanza, kisha la pili.

Nilimwona anavyolitazama. Nilikumbuka alivyokuwa akituasa tuchunge vitu vya watu, na nikataka awe na jambo moja la kumpendeza siku hiyo. Nikachuchumaa karibu naye.

"Mama," nilisema, "ile hatukuifungua hata siku moja. Iko safi."

Aliniwekea mkono kichwani. "Ndiyo, baba," alisema. "Minaona."

Nami nikatoka nje kwenda kumwambia Kabange kwamba mama amefurahi.