Herufi Tatu za Buni

Mjukuu wangu anasomea ubunifu chuoni, na wiki iliyopita alikuja kwangu mtaani Wabera, simu mkononi, na lile tabasamu la mtu anayetaka kusifiwa. Alikuwa amepanga mchele, ndengu na vipande vya karoti juu ya karatasi nyeusi mpaka vikawa herufi, na herufi zikawa neno: NJAA. Mwalimu wake alimpa alama za juu kabisa.

"Ako, unaonaje?" aliniuliza. Ako ni bibi, kwa lugha yetu.

Nilimwuliza chakula chenyewe kilikwenda wapi baada ya kupigwa picha.

Akacheka. "Si tulitupa, Ako. Kilikuwa na gundi."

Nikainuka kumwekea chai, maana ningefungua mdomo ningemtukana yeye, mwalimu wake, na chuo kizima. Gundi ya namna hiyo naijua. Niliijua miaka ya vita vya Shifta, serikali ilipopigana na waasi wa huku kaskazini, nikiwa mtoto wa shule hapa hapa Isiolo, na msomi aliyenijulisha alikuwa na majigambo kama haya haya.

Tulikuwa tumeletwa kutoka upande wa Merti, tukawekwa kambini ukingoni mwa mji. Watu wetu huiita miaka ile daba, yaani kusimamishwa. Mtu aliyezaliwa kufuata nyasi alifungiwa ndani ya ua wa miiba akaambiwa angoje posho. Mifugo yetu ilibaki huko nyuma na hatukuiona tena. Baba alichukuliwa asubuhi moja na askari waliosema wana maswali madogo tu. Miezi ikapita. Nadhani baba alikuwa mzito wa kujibu.

Katika safari ile mama aliokoa kitu kimoja cha maana: buni za kahawa, kavu na bado na maganda yake meusi, zimefungwa kitambaani, zimefichwa ndani ya kibuyu cha maziwa kisicho na maziwa. Kwetu buni si ya kusaga na kukorogea sukari. Buni huchinjwa. Unang'ata ncha ya kila punje, unazikaanga kwa samli mpaka zipasuke, kisha wakubwa kwa wadogo mnakaa kuizunguka harufu ile na kuomba: mvua, mifugo, amani, na aliye safarini arudi. Buni zile zilikuwa za kumwombea baba. Jirani alikuwa ameahidi samli kidogo, na mama alikuwa akiingoja. Buni nyingine hatukuwa nazo, wala pesa, wala ruhusa ya kutoka kambini kwenda kuzitafuta.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa nyanda za juu, mpya kutoka chuo cha ualimu, na tai ya manjano, na viatu alivyovipangusa kila mara kana kwamba vumbi la Isiolo lilikuwa limemkosea adabu. Siwezi kumnyima haki yake: kusoma alitufundisha. Kila asubuhi aliandika amri ubaoni na kuinyooshea fimbo, nasi tulipaswa kuisoma na kuitenda papo hapo. SIMAMA. KETI. CHEKA. Aliyechelewa kucheka alichapwa. Kiswahili chenyewe tulikuwa hatujakizoea, lakini ubao tuliutii kuliko wazazi.

Zikaja habari kwamba mkubwa mmoja wa serikali atatutembelea. Mwalimu akaingiwa na wazimu. Huko chuoni alikuwa ameambiwa kwamba herufi nzuri yaweza kutengenezwa kwa kitu chochote, naye, kwa akili zake timamu, akachagua chakula. Wafanyabiashara wa mjini waliombwa mchango wakatoa tende na njugu. Na kila mtoto aliamriwa kuleta kitu kikavu cha kulika kutoka kwao, asiye nacho akae nje. Kumwambia mtoto wa kambini alete chakula shuleni! Afadhali umwambie mwenye kipara alete kitana.

Posho yetu ilikuwa ikiisha siku ile ile ya kugawiwa. Mama alizunguka ndani ya kibanda, akakosa, mwisho akafungua kile kitambaa. Hakutaka nikae nje.

"Mwambie mwalimu ni ya kuazima," alisema. "Mgeni akishaiona, irudi."

Nikamwambia mwalimu hivyo hivyo. "Itarudi, itarudi yote," alijibu, macho yake yakiwa tayari kwenye rangi ya buni. Alizipenda kwa weusi wake.

Alichemsha unga wa ngano ukawa gundi. Sisi tuliokunywa chai ya rangi asubuhi tulisimama tukinusa unga ukipikwa ili upakwe kwenye ubao. Akabandika maneno yake: CHAKULA NI UHAI. Herufi tatu za mwanzo, CHA, zilikuwa buni za mama. KULA ilikuwa tende tupu. Zilizobaki zilikuwa njugu. Alirudi nyuma, akainamisha kichwa huku na huku, akaipenda kazi yake.

Siku ya mgeni, mgeni alichelewa, kama wanavyochelewa wote wanaosubiriwa na wenye njaa. Tulikaa safu tukizitazama tende. Mama akaja pamoja na wanawake wengine waliopewa ruhusa, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu.

"Salaam aleikum, mwalimu. Mimi nakuja chukua buni yangu."

"Aleikum salaam, mama. Ngoja kidogo. Mgeni aone kwanza."

"Lakini iko na uji juu yake. Iko na uji!"

"Hiyo ni sanaa, mama."

Mama akanigeukia na kuniuliza kwa Kiborana sanaa ni nini. Mimi nami nilikuwa sijui. Nikamwambia ni gundi.

Gari likasikika. Mwalimu akakimbia getini akifunga tai yake vizuri, na mama hakumngoja tena. Aliuendea ule ubao, akazibandua buni kwa kucha, zikatoka vipande vipande na gundi yake, akazifunga kwenye pindo la leso na kwenda zake. Alifanya hivyo mchana kweupe, bila haraka. Hakuna aliyemzuia, maana sote tulijua ni mali yake.

Mwalimu alirudi akitembea kinyumenyume mbele ya mkubwa, akiinama. Akajipanga, na bila kugeuka kutazama, akanyoosha fimbo nyuma yake kuelekea ubao. "Someni!"

Tukasoma kwa sauti moja: "KULA NI UHAI."

KULA. Amri ilikuwa ubaoni na fimbo ilikuwa imeinyooshea. Tulifanya alivyotufundisha. Darasa zima liliinuka likavamia zile tende, kisha njugu, gundi na yote, na mwalimu alipogeuka alikuta ubao mtupu na watoto wanatafuna.

Mkubwa alicheka mpaka akafuta machozi. "Mwalimu," alisema, "hawa watoto wanajua kusoma kweli!" Na yule bwana mwenye tai, badala ya kuona haya, akainama na kusema ndivyo alivyokuwa amepanga. Haikupita muda akapandishwa cheo, akapelekwa shule kubwa kwao nyanda za juu, kwenye matope yanayoheshimu viatu. Natumai alifundisha sanaa mpaka akastaafu.

Jioni ile jirani alileta samli. Mama alikwangua buni kwa kisu, akaziloweka, akazikausha kwa leso. Alipojaribu kuzing'ata ncha, gundi ilimnata menoni. Akaziweka motoni hivyo hivyo. Unga ukaungua kwanza. Moshi ukajaa kibandani, na buni zikashikana mabonge, hata moja haikupasuka. Bonge moja lilitoka na umbo la A, na mimi, mwanafunzi hodari, nililisoma. Mama aliomba juu ya moshi ule mpaka mwisho, akimtaja baba, nasi tukaitikia huku tukikohoa.

Baba hakurudi. Vita viliisha, ua wa miiba ukaondolewa, waume wa wengine wakatokea wamekonda, wa mama hakutokea. Mama hakumlaumu askari mbele yetu, wala serikali. Lakini ndugu zangu wadogo walipokua na kuanza kuuliza mbona baba yao hakuja, alikuwa na jibu moja, na alilitoa bila kuinua macho kwenye kazi yake.

"Tulimwombea na gundi," alisema.