Siku Niliyocheza Maiti, Mama Akaja Kunizika

Sipendi kuisimulia hii, na mkicheka nanyamaza hapo hapo, maana kuna watu Iringa hadi leo wakiniona njiani wanavuka barabara.

Napiga tarumbeta kwenye bendi ya jazi isiyo na kazi (harusi zote siku hizi ni DJ), kwa hiyo dairekta Mgaya alipokuja na filamu yake ya kuchekesha, kuhusu wapiga jazi waliofulia mpaka wanazua msiba wa mwenzao ili wapate watu wa kuwapigia, tukasema hao ni sisi kabisa. Maiti nikawa mimi. Kamera ilikuwa simu yake, turubai la kuazima, na jioni ya kuamkia siku ya kurekodi akabandika getini picha yangu yenye maua.

Wasiwasi nilikuwa nao tangu mwanzo. Nilishacheka mara mbili chini ya shuka, dairekta akasema nikiharibu tena nafasi anapewa mwingine, na huyo mwingine nilimjua: binamu wa Ambakisye, yule mpiga saksafoni wetu; huyo binamu naye anapiga tarumbeta, na kila siku alikuwa anazunguka pale eti anasalimia. Nikajiambia hawa wana mpango, watanichekesha makusudi, nikaapa sifumbui macho hata waniwashie moto.

Sasa huku kwetu turubai likisimama hakuna anayesubiri kualikwa. Wakaanza kuingia akina mama wanalia, nasikia kuni zinatupwa chini, masufuria yanagongana, nikawaza Mgaya waigizaji wote hawa kawatoa wapi wakati sisi anatunywesha chai kavu?

Mara akaingia mmoja analia kwa sauti ya mama yangu kabisa. Mama anakaa Rujewa, mambo ya filamu hayajui, na wiki iliyotangulia Mgaya alikuwa kaniuliza mama yangu anaongeaje (eti kwa ajili ya stori), nikasema ahaa, mtego wenyewe ndio huu. Akanishika miguu, anaitikisa, nami nimefumba macho kwa nguvu, namkosoa moyoni kwamba huyu anazidisha.

"Festo mwanangu," akalia, "nimekulea kwa shida, umekojoa kitandani mpaka darasa la sita, leo unaniacha na nani?"

Hilo duniani tunalijua mimi na mama tu. Nikakaa wima.

"Mama, ilikuwa la nne."

Watu walitoka na turubai lao kichwani, wali ukamwagika, mzee mmoja wa kanisani kwetu akaruka ua na mkongojo wake, mama akaanguka. Kumbe picha ya getini kuna mtu aliirusha kwenye grupu la WhatsApp la watu wa Rujewa, mama akanipigia wee, na simu zetu zote dairekta kazizima, basi akapanda basi alfajiri. Na yule binamu, kumbe alikuwa anamfuata binti wa jirani.

Mama alipozinduka hakunipiga, na bora angenipiga. Alinipapasa uso wote, taratibu, halafu akawageukia waliobaki.

"Mnisamehe jamani, ni mzima."

Ndipo akalia kuliko mwanzo, na mimi nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mama yangu kanililia kilio cha kunizika, nami nimelala namkadiria uigizaji.

Filamu imetoka, na watu wanacheka zaidi hapo hapo (Mgaya hakuzima simu yake). Nikiitwa nitacheza tena, njaa haina adabu, ila maiti wamtafute mwingine. Mama anapiga kila asubuhi, nisipopokea anampigia Ambakisye, na akiambiwa nipo salama anamjibu, "Nyie siwaamini. Mpe simu nimsikie akihema."