Kadi za Mama Masijala

Fundi kompyuta wa zahanati ile wauguzi walimbatiza jina la Pacha, maana siku alipofunga seva mbili, yaani kompyuta kubwa za kutunzia kumbukumbu, moja chumba cha chini na nyingine ghorofani, alizisifu kutwa nzima. "Hizi ni pacha," alisema. "Ukiandika kwenye hii, na ile inaandika papo hapo. Moja ikifa, nyingine inaendelea na kazi."

Mama Masijala, aliyetunza kadi za watoto kwa miaka ishirini na mbili, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na ukifuta kwenye hii, mwanangu?"

Pacha akacheka, na wauguzi nao wakacheka. "Mama, nani atafuta?" Swali lenyewe hakulijibu. Mama akaziingiza kadi kwenye kompyuta moja moja, wiki sita, na Pacha ndiye aliyesema za karatasi zichomwe, mchwa wanazimaliza; zikachomwa.

Aliyefuta ni yeye mwenyewe. Asubuhi moja, kikombe cha chai mkononi, alikuwa akiondoa majina yaliyojirudia, amri moja ikazoa kadi zote. Hakupagawa. Alipanda mbio ghorofani kwenye seva ya pili, akakuta huko nako kweupe. Ilikuwa imetii amri ileile kabla hajafika ngazi ya kwanza. Nakala ya pembeni, isiyofuata amri za seva hizo, hakuwahi kuiweka. Kazi ya nusu saa, jamani, nusu saa tu!

Watoto walipimwa upya. Mama Masijala alikaa dirishani akiwauliza wazazi na kuandika kwa mkono, Pacha kando yake. Mama hakumlaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililomtafuna.

Siku ya tatu akaja mwanamke asiye na mtoto. Kila mwaka alikuja kusomewa kadi ya mwanawe aliyefariki akiwa na miezi tisa: kilo zake za kila mwezi, sindano zake, jino lake la kwanza. Kusoma hakujua, na picha ya mtoto hakuwa nayo.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kusomewa."

Mama Masijala aliitikia, akaweka kalamu chini. "Mwanangu," alimwambia Pacha, "mwambie wewe."

Pacha alitafuta neno la kitaalamu la kujifichia, akalikosa. "Dada, kadi niliifuta mimi. Mama aliniuliza mapema, nikamcheka."

Mwanamke alimtazama, kama hajamwelewa vizuri. "Basi nakaa hapa," alisema, akiketi kwenye benchi. "Ukiipata, uniite."