Kitambaa Chini ya Mnyororo

Siku niliyoripoti kazini wodi ya wagonjwa wa akili, Masasi, metroni alinipokea mlangoni, akaniomba saa ya mkononi na kuitia mfukoni mwake. Mgonjwa anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, alisema, asimwone muuguzi akitazama saa. "Kaa naye kwanza. Dawa utampa baadaye."

Nilikaa nao miaka mingi. Kisha nikahamishiwa Newala, kwa mganga mkuu mmoja mpole, nikawa naletewa wanafunzi wa uuguzi wajifunze kwa vitendo. Niliwafundisha kumwendea mgonjwa kwa mbele, awaone, na aliyefungwa afunguliwe kwanza. Niliwafundisha sindano ya mwezi, dawa ya mafuta inayochomwa kwenye msuli na kufanya kazi polepole hadi mwezi unaofuata.

Lakini mwalimu wao hasa alikuwa Mama Hadija wa Kitangari. Aliletwa kwetu amefungwa kamba. Kwa sindano hiyo akapona kiasi cha kulima korosho na kulea wanawe. Kila alipokuja kliniki alikubali kuwasimulia wanafunzi jinsi kuku wa jirani walivyokuwa wakimsengenya. Walicheka, naye akacheka nao.

Ndipo ukaja uchangiaji, yaani mgonjwa kulipia matibabu. Maduka ya dawa yakafunguliwa mjini, yamejaa dawa za homa na mafua. Sindano ya mwezi hakuna mfanyabiashara aliyeileta, na ya serikali ikaacha kufika. Nilimfuata mganga mkuu hadi nikaona haya. Mwishowe aliniambia, "Sista, hata pamba sina. Unataka nikudanganye?"

Mama Hadija alipoacha kuja, nilikwenda Kitangari na wanafunzi wawili. Kaka yake, Mzee Bakari, aliitikia shikamoo zetu akatupeleka nyuma ya nyumba. Dada yake alikuwa chini, mguu umefungwa mnyororo kwenye mkorosho, kifundo kimechubuka hadi nyama. Hakunitambua.

Mwanafunzi mmoja, Agnes, aliomba afunguliwe, kama nilivyomfundisha. Mzee Bakari hakukasirika. Alieleza kwamba dada yake aliwahi kutoroka, wakamkuta ukingoni mwa poromoko linalotazama mto Ruvuma, mtoto mgongoni. Kisha akanigeukia.

"Sista, umekuja na sindano?"

"Sina, Mzee."

"Basi nikimfungua, nani atamkimbilia akitoroka?"

Wanafunzi walinitazama. Niliomba maji, nikaosha kidonda, nikachana khanga yangu na kuzungusha kipande kwenye kifundo, chini ya chuma. Niliwaonyesha kukifunga kisibane sana, damu isije ikazuilika, na nikamwambia Mzee Bakari akibadilishe kila siku. Agnes aliushika ule mguu huku machozi yakimtoka.

Mama Hadija alifariki kabla ya mvua za masika. Agnes aliacha uuguzi akaenda Tandahimba kuuza nguo. Sikumlaumu.

Mimi nilirudishwa Masasi kufundisha chuoni hadi nikastaafu. Ninyi mnaosoma uuguzi leo huniuliza ni somo gani ninalojivunia. Nashindwa kuwajibu. Lile la kitambaa halikuwamo kwenye mtaala, lakini nililifundisha kila darasa, kwa sababu majumbani ndiko walikokuwa wagonjwa wetu, kwenye minyororo. Miaka ya mwanzo wanafunzi walibisha, wengine wakainuka kutaka kutoka. Miaka ya mwisho waliandika tu, wakauliza kitambaa gani kinafaa zaidi.