Picha ya Ng'ombe Mweupe

Nilikuwa na studio ndogo ya picha mjini Garissa, mgeni kutoka pwani aliyezoea joto haraka kuliko alivyozoea Kisomali. Vita vya shifta vilipopamba moto, watu waliacha kuja kupiga picha za kujipamba. Nikawa ninatoka mwenyewe na kamera. Nilimpiga picha kinyozi akiwa kazini kwenye kivuli cha mgunga, watoto wa chuo cha Kurani na mbao zao, wanawake wakisuka mikeka ya kuezekea nyumba. Wageni waliokuja na kamera walitafuta bunduki tu. Mimi niliona watu wanachemsha chai, wanagombana, wanaoana, na hayo hakuna aliyeyataka.

Mwanamke mmoja mjane aliniletea maziwa kila asubuhi. Nilimwita eedo, shangazi, kama walivyomwita majirani. Nikamwomba aje studio nimpige picha. Akakataa.

"Mimi beke yangu, ya nini? Kuja nyumbani, walaal. Biga mimi na ng'ombe yangu."

Walaal ni ndugu, na hivyo ndivyo alivyoniita siku zote. Nikaenda. Boma lake lilikuwa nje kidogo ya mji, upande wa mtoni. Ng'ombe alikuwa mweupe, mwenye nundu, na alimlamba eedo bega muda wote alipokuwa akimkama. Eedo alimsemesha kwa sauti ambayo sisi wateja hatukuwahi kuisikia. Nilipiga filamu nzima.

Njiani kurudi, askari walinisimamisha kwenye kizuizi.

"Unampelekea nani picha hizi?"

"Ni mama anakama ng'ombe, afande."

Mmoja akaifungua kamera, akaivuta filamu yote nje, akaishika juu kwenye jua kana kwamba ataona kitu. Kisha akanirudishia kwa adabu kabisa.

Kesho yake nilimweleza eedo kuwa filamu imeungua kwa jua. Alicheka mpaka akaweka kibuyu chini.

"Jua hii, ng'ombe haijaunguza, inaunguza bicha? Kuja tena, mfua ikinyesha. Atakuwa amenona."

Kabla ya mvua ilikuja amri. Wafugaji wote wahamie vijiji vilivyozungushiwa ua na kulindwa na askari, na mifugo mingi ikachukuliwa. Maziwa yakakoma kuja mjini.

Ilinichukua muda kupata ruhusa ya kuingia kijijini kwao. Nilimkuta ameketi mlangoni pa kibanda, mikono imetulia mapajani. Sikuwahi kuiona ikiwa haina kazi. Tulisalimiana kwa urefu, tukaulizana hali za nyumbani, na wote wawili tukaruka habari ya ng'ombe. Niliinua kamera taratibu. Akaweka kiganja mbele ya lenzi.

"Hii habana, walaal. Hii si mimi."

Nikaishusha. Akanipa chai ya rangi, akaomba radhi kwamba haina maziwa. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kunieleza jinsi yule ng'ombe alivyozaliwa: miguu ya nyuma ilitangulia, marehemu mumewe akamvuta, wakadhani amekufa. Nilikaa kumsikiliza mpaka askari wa langoni akaja kuniita.

Vita vilipokwisha, eedo alipanda lori la wafanyabiashara, akaenda kwa kaka yake mjini Griftu, kaskazini. Alipita studio kuniaga. Siku hiyo nilikuwa harusini, ninawapanga ndugu wa bwana arusi, wafupi mbele, warefu nyuma. Muuza chai wa jirani ndiye aliyeniambia.

"Amekusubiri sana. Amesema anakusalimia."

Niliwauliza madereva wa lori waliotoka huko. Mmoja alidhani anamjua, kisha akasema labda ni mwingine. Sikujua kama alipata ng'ombe mwingine, wala kama kule aliko kuna mtu yeyote aliyewahi kumpiga picha.