Dawa Moja Iliyobaki

Kaka yangu alikuwa fundi viatu, na mtaa mzima ulimwita Sugu. Viganja vyake vilikuwa vigumu hivi kwamba nyundo ingekosa msumari ikampiga, naye akaendelea na hadithi. Hadithi alizipenda kuliko kazi. Wateja walikaa peku kwenye benchi lake, kiatu hakijaguswa, wanacheka.

Siku moja sindano ya kushonea soli ilimchoma pale ngozi ilipokuwa laini, katikati ya vidole. Akafunga kitambaa, akaendelea. Mkono ukavimba, kisha homa ikamtetemesha mpaka kitanda kikalia, na wifi yangu akampeleka hospitali bila kumuuliza.

Daktari alitueleza kwamba vijidudu vimeingia kwenye damu. Wakamtundikia dawa ya mshipa, na damu kidogo wakaipeleka maabara ili vijidudu vilivyomo vioteshwe, ijulikane vinasikia dawa gani. Mpaka majibu yatoke, alisema, tunatibu kwa kukisia. Dawa ya kwanza haikufua dafu. Waliyomwekea baadaye ilishusha homa asubuhi, mchana ikapanda tena.

Kitanda chake kilibanwa kati ya ukuta na mtungi wa oksijeni. Mkono mmoja ulikuwa na mpira wa dawa, wa pili umevimba hawezi kuukunja, na dirisha lilikuwa nyuma ya kichwa chake. Kila mara aliomba arudishwe nyumbani.

"Tulia, mume wangu," wifi akamwambia. "Miaka yote unawafunga wenzio kamba za viatu. Leo zamu yako kufungwa."

Alicheka mpaka akakohoa. Na muuguzi aliposema huenda vijidudu vimekuwa sugu kwa dawa, akamjibu, "Hata jina langu vimeniibia."

Mimi nilisali kwenye korido, maana ndani aliruhusiwa mtu mmoja tu. Sikuomba mengi. Niliomba ipatikane dawa ambayo vijidudu vile vitaisikia.

Majibu yakaja. Karibu dawa zote walizojaribu maabara ziligonga mwamba. Moja tu iliviweza, na stoo ilikuwa nayo. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka mlinzi akageuka. Homa ikashuka kweli, haikupanda tena. Lakini figo zilikuwa zimeshagoma, na pumzi aliivuta kwa shida. Nilipoingia alinishika mkono.

"Mdogo wangu, mbona wamefunga mlango?"

Mlango ulikuwa wazi.

Alifariki wauguzi wakipokezana zamu. Daktari alituketisha, akasema kwa upole kwamba dawa ilivishinda vijidudu, ila ilimkuta mwili umeshachoka.

Waliokuja kutupa pole waliniambia nizidi kusali. Nasali. Ila kila nikipiga magoti nalirudia ombi lile la korido. Siwezi kusema Mungu hakunisikia. Nilimwomba dawa, akanipa dawa. Uhai wa kaka sikuutaja. Nilidhani umo humo humo.